Kodi ya mauzo kwa mteja wa ng'ambo, nani alipe na alipe wapi?

Kuna malalamiko mawili yanayojirudia kila watu wanaponunua vitu mtandaoni kutoka nchi nyingine. La kwanza ni la mnunuzi, anasema mimi siishi huko, sitibiwi huko, barabara zao sizipiti, sasa kwa nini duka linikate kodi ya mauzo ya kwao halafu mzigo ukifika forodha ya kwetu nayo inikate? La pili ni la mwenye duka dogo, anasema nimemuuzia mtu mmoja tu aliye upande wa pili wa dunia, leo naambiwa nijisajili na mamlaka ya mapato ya nchi ambayo hata sijawahi kuikanyaga. Wote wana hoja, na wote kuna mahali hawajaangalia vizuri, ndo maana nataka tulichambue hili taratibu, kwa sababu pesa inayopotelea hapa ni pesa ya watu kabisa na wengi hawajui imepotelea wapi.

Tuanze na kanuni. Nchi nyingi zinakubaliana kwamba kodi ya matumizi, iite VAT au GST, inalipwa pale kitu kinapoenda kutumika, siyo pale kilipotoka. Bidhaa ikipelekwa nje ya nchi inahesabiwa VAT ya asilimia 0, ikiingia nchi nyingine inatozwa kiwango cha huko. Hata kwenye sheria za Shirika la Biashara Duniani (WTO), kumwondolea muuzaji kodi ya namna hii kwa bidhaa anayoipeleka nje hakuhesabiwi kuwa ruzuku. Kwa hiyo yule mnunuzi kwa kanuni yuko sahihi, hatakiwi kubeba kodi ya nchi ya muuzaji.

Marekani wao hawana VAT, wana kodi ya mauzo ya majimbo, na hapo ndo watu wengi wanachanganyikiwa. Majimbo 45 pamoja na Washington DC yanatoza, matano hayatozi kwa ngazi ya jimbo: Alaska, Delaware, Montana, New Hampshire na Oregon. Zamani muuzaji alidaiwa tu kama ana ofisi, ghala au wafanyakazi ndani ya jimbo, huo ndo ulikuwa msimamo wa Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Quill mwaka 1992. Juni 2018 kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair ikapindua hilo, jimbo likaruhusiwa kudai hata kwa muuzaji asiye na kitu chochote pale, mradi mauzo yake yamevuka kiwango, na kwa South Dakota ilikuwa dola 100,000 au miamala 200 kwa mwaka. Wapo waliosikia hivyo wakadhani sasa duka la Marekani litamkata kila mtu, hata wa ng'ambo. Hapana. Ile kesi ilihusu wateja walio ndani ya majimbo, na duka likituma mzigo moja kwa moja nje ya nchi kodi ya jimbo haitakiwi kuwepo kwenye bili.

Shida inaanzia kwa ajenti wa mizigo. Watu wengi hawatumiwi mzigo moja kwa moja, labda duka halitumi kwao au gharama ya kutuma ni kubwa mno, basi wanatumia anwani ya ghala la ajenti aliyeko Marekani ambaye atakusanya na kusafirisha. Duka linachoona ni anwani ya ndani ya jimbo, linakata kodi. Mnunuzi anaona ameonewa, ila ukikaa upande wa jimbo nalo lina hoja nzito: mzigo umekabidhiwa ndani ya mipaka yake, na hakuna anayejua kama kweli utaondoka au kuna mtu wa mtaa wa pili atakuja kuuchukua na kuutumia hapo hapo. Wakiachia anwani zote za maghala bila kuuliza, kila mtu atageuka kuwa mteja wa ng'ambo. Sheria zinatofautiana jimbo kwa jimbo, kwingine ukileta hati za kuonyesha mzigo umeondoka wanaikubali kama mauzo ya nje, kwingine masharti ni magumu. Ndo maana maghala mengi ya hao maajenti utayakuta Delaware na Oregon, siyo bahati. Mimi naona majimbo yako sahihi kudai ushahidi, ila siyo sahihi kumwekea mtu wa kawaida mlolongo mrefu wa kurudishiwa kodi ya kitu kidogo, maana mwisho wa siku anaacha tu na ile hela inabaki.

Sasa kuna jambo ambalo halizungumzwi sana na kwangu mimi ndo linauma kuliko yote. Uingereza na Ulaya bei unayoiona kwenye duka tayari ina VAT ndani. Chukua kitu cha pauni 120 Uingereza, VAT yao ni asilimia 20, maana yake bei halisi ni 100 na 20 ni ya serikali. Kikiuzwa kwa mtu wa nje ya nchi na muuzaji akatunza ushahidi wa kukisafirisha, ile 20 haidaiwi na serikali. Maduka mengine yanaitoa, ukiweka tu nchi yako kwenye ukurasa wa malipo bei inashuka yenyewe. Mengine yanaiacha bei ile ile 120. Ile 20 inaenda wapi? Haiendi serikalini, inabaki kwa muuzaji kama faida, na mara nyingi hakuna sheria anayovunja maana bei ni makubaliano yenu wawili.

Halafu angalia inavyoendelea. Tuseme kusafirisha ni pauni 15, na nchi ya mnunuzi inatoza VAT ya asilimia 18 juu ya thamani ya mzigo pamoja na usafiri, ushuru wa forodha tuuache pembeni. Kwa bei ya 100 atalipa 18% ya 115, ambayo ni pauni 20.70. Kwa bei ya 120 atalipa 18% ya 135, yani 24.30. Kwa hiyo zile 20 zimezaa nyingine 3.60, jumla kapoteza 23.60 kwa kodi ambayo serikali ya muuzaji haijawahi kuidai. Wauzaji wana jibu lao, wanasema kumhudumia mteja wa nje kuna gharama zake, makaratasi ya forodha, mizigo inayopotea, kadi zinazokataliwa, na bei moja kwa wote ni rahisi kuiendesha. Hilo nalielewa kabisa. Lakini basi iitwe gharama ya huduma na iandikwe, mtu akae ajue analipia nini, siyo aendelee kuamini kwamba amelipa kodi.

Upande wa pili wa shilingi ni nchi ya mnunuzi. Kwa miaka mingi nchi nyingi ziliachia mizigo midogo ipite bila kodi, kwa sababu gharama ya kumweka afisa afungue kila bahasha ilikuwa kubwa kuliko kodi yenyewe. Ilikuwa hoja nzuri mpaka watu walipoanza kuigeuza kuwa biashara. Uingereza ilikuwa na msamaha wa VAT kwa mizigo ya hadi pauni 18, basi kampuni zikahamia Jersey na Guernsey, visiwa vilivyo nje ya mfumo wao wa VAT, zikawa zinatuma CD na DVD kwa Waingereza wale wale bila kodi. Maduka ya ndani yaliyokuwa yanalipa VAT yakabaki yanashindana na bei wasiyoweza kuifikia. Kiwango kikashushwa hadi pauni 15, na Aprili 2012 msamaha ukafutwa kwa mizigo inayotoka visiwa hivyo. Kwa hiyo mtu akisema tusitoze mizigo midogo kabisa, mimi namuuliza hivi, mwenye duka wa ndani anayelipa kila mwezi kakosa nini?

Baada ya hapo nchi zikaanza kumtaka muuzaji wa nje akusanye kodi yao mteja anapolipa. Australia ilianza Julai 2018, GST ya asilimia 10 kwa bidhaa zisizozidi dola 1,000 za kwao, kwa wauzaji wanaofikisha mauzo ya dola 75,000 kwa mwaka. New Zealand ikafuata Desemba 2019. Uingereza Januari 2021 kwa mizigo isiyozidi pauni 135, na Umoja wa Ulaya Julai 2021 ukafuta msamaha wa euro 22 na kuleta mfumo wa IOSS, yani muuzaji wa nje anajisajili sehemu moja na kupitia hapo analipa VAT ya nchi zote za umoja, kwa mizigo isiyozidi euro 150. Ukali wake ulionekana Australia, ambapo Amazon iliwafungia Waaustralia wasinunue kwenye duka lake la Marekani sheria ilipoanza, kisha Novemba 2018 ikawafungulia. Kampuni kubwa ikikasirika ina uwezo wa kufunga mlango na kufungua. Fundi mmoja anayeuza vikapu mtandaoni hana huo uwezo, akiona masharti magumu anaacha tu kutuma nchi ile, na mteja naye anakosa.

Ndo maana kile kiwango cha chini cha mauzo nakiona ni cha lazima. Australia wanacho, na mdogo asiyekifikia anaachwa. Uingereza kwa muuzaji wa nje anayeuza mwenyewe kwenye websaiti yake hakuna kiwango, oda ya kwanza tu iliyo chini ya pauni 135 tayari anatakiwa awe amesajiliwa. Hapo naona wamezidisha. Akiuza kupitia soko kubwa la mtandaoni afadhali, maana lile soko ndo linabeba jukumu la kukusanya, ila unajikuta unawasukuma wadogo wote waingie kwa wakubwa na kukatwa kamisheni.

Na mfumo wenyewe una matundu. Muuzaji wa IOSS anapewa namba inayoanza na herufi IM, hiyo namba inatakiwa itumwe kwenye data za forodha kabla mzigo haujafika. Ikisahaulika au ikikosewa, forodha haioni kwamba kodi imelipwa, inamtoza mteja upya, na kampuni ya usafirishaji inaongeza ada yake ya kushughulikia. Mteja kalipa mara mbili kwa kosa la tarakimu ambazo hata hakuziona, na kila anayempigia anamwambia aongee na mwingine.

Pamoja na hayo yote, bado nasimama upande wa kodi kukatwa wakati wa kulipa kuliko mlangoni, na sababu kubwa kwangu ni pale unaporudisha mzigo. Kiatu hakikutosha, umekirudisha. Kama kodi ilikatwa dukani, muuzaji anakurudishia bei na kodi kwa pamoja, na yeye anairekebisha kwenye ritani yake ya kodi. Kama uliilipa forodha, muuzaji anakurudishia bei tu, kodi unatakiwa uiombe mwenyewe kwa fomu, risiti ya kuingiza, ushahidi kwamba umekirudisha nje ya nchi, na muda maalumu wa kufanya hivyo. Kwa kiatu cha bei ya kawaida nani atazunguka na hizo karatasi? Kwa hiyo kabla hujabonyeza kulipa angalia mambo mawili kwenye jumla: kodi iliyoandikwa ni ya nchi yako au ya nchi ya muuzaji, na kama bei ilishuka ulipobadilisha nchi. Ikiwa ni ya nchi ya muuzaji na mzigo unakuja kwako moja kwa moja, waandikie waiondoe kabla hawajatuma, kwa sababu mzigo ukishaondoka kuidai inakuwa kazi ngumu mno.