Kunguni hafi: dawa feki au usugu?

Spika za machinga wa Kariakoo hazichoki: dawa ya kunguni, mende, viroboto! Wateja ndio waliochoka. Ukiwauliza, wengi watakujibu kwamba dawa za siku hizi ni feki.

Hawajakosea sana. Kichupa kisicho na lebo hakikuambii ndani kuna nini wala kimezimuliwa kiasi gani. Ila dawa halali nayo inashindwa, na hapo ufeki hautoshi kuwa maelezo.

Dawa nyingi za kupulizia nyumbani ni za ukoo mmoja, pairethroidi, zilizoundwa kwa kuiga sumu ya maua ya pareto, zao la Nyanda za Juu Kusini. Sumu hiyo hung'ang'ania vijitundu vya sodiamu, yaani milango midogo inayopitisha chumvi kwenye neva za mdudu, akatetemeka mpaka afe. Wapo wadudu wachache waliorithi vijitundu vyenye umbo tofauti kidogo, sumu haishiki. Wengine wana vimeng'enya vinavyoivunja mapema, au gamba nene. Wenzao wakifa, hao ndio wanaozaana. DDT, dawa ya wadudu ya zamani, nayo ililenga vijitundu hivyohivyo, na kunguni sugu kwa DDT waliripotiwa Hawaii tangu 1947. Pairethroidi ziliwakuta baadhi yao wamejiandaa nusu.

Ushahidi wa hapa kwetu ni wa Muheza, Tanga, katika utafiti uliochapishwa 2002. Vyandarua vyenye dawa viliwafukuza kunguni, kisha miaka kadhaa baadaye wakarudi wakiwa sugu.

Kwangu mimi, ubishi huu una kasoro moja: feki na usugu si wapinzani. Dawa iliyozimuliwa huua wadudu dhaifu na kuwaacha wenye usugu nusunusu, ambao kipimo kamili kingewamaliza.

Wataalamu hushauri kubadilisha aina ya dawa. Ushauri mzuri, lakini mpangaji wa Tandika atabadilisha nini, wakati makopo matatu ya dukani yana majina tofauti na kiambato kilekile? Asome nyuma ya kopo. Majina yanayoishia na "thrin" ni ya ukoo huo. Maji yanayochemka kwenye nyufa za chaga yanamuua hata kunguni sugu, ingawa hayafiki ndani ya godoro wala ukutani. Tena akipulizia chumba chake peke yake, kunguni wa jirani watapita kwenye ufa. Nyumba nzima ingetibiwa siku moja, kama wapangaji wangekubali kutaja kwamba wana kunguni, na mwenye nyumba akakubali kuchangia gharama.