Mzee Aliyekataa Kuitikia Shikamoo

Shangazi yangu alipokuja kutoka Mtwapa alishuka basi na kikapu cha nazi, miwani iliyokatika mkono, na imani isiyotikisika kwamba kila kinachooza ni mbolea. Imani hiyo ndiyo iliyoliponza pipa langu la mboji.

Pipa lenyewe ni lile la bluu la lita 200, ambalo sisi wa South B, Nairobi, huwekea maji siku za mgao. Nililikata kitako likakaa juu ya udongo mtupu ili minyoo ipande, nikalitoboa ubavuni lipumue. Shangazi nilimweleza kwa adabu zote. Maganda ya viazi na ndizi, tia. Vikonyo vya sukuma wiki, tia. Maganda ya mayai, yaponde kwanza. Majani ya chai sawa, ila ya vifuko yamwage ubaki na kifuko, maana vingine vina plastiki. Na kila ndoo ya mabichi ifunike kwa ndoo mbili za makavu: majani yaliyopukutika, maboksi, trei za mayai zilizochanwa. Nyama, samaki, mafuta na wali uliolala, hapana.

"Kwani samaki haozi?"

"Anaoza, shangazi. Shida anaoza akitangaza."

"Kule kwetu matumbo ya samaki twayafukia chini ya mpapai. Na mapapai yake umeyala wewe, ukalamba na vidole."

Nikanyamaza. Mpapai ule naujua.

Jumamosi akatupikia changu wa nazi, na nasema kweli, tulikula tukasahau kuongea. Matumbo, magamba na mashavu ya samaki yakaishia kwenye pipa, juu kabisa, bila hata jani moja la kufunika. Jua la Jumapili likafanya kazi yake. Kufika Jumatatu asubuhi jirani akaniita juu ya ukuta, kwa upole wa kutisha, akitaka kujua kama kwetu wote tu wazima.

Nilikuwa bafuni, povu kichwani, shangazi aliponigongea.

"Toka mwanangu, kuna mgeni uani."

"Mgeni gani?"

"Mzee mmoja mrefu, mwembamba. Ana koti jeusi, shati jeupe, na soksi nyeupe. Kipara. Nimempa shikamoo mara mbili, kanitazama tu. Nyinyi wabara hamna salamu!"

Nilitoka na taulo. Kando ya pipa alikuwa amesimama marabu, wale korongo wakubwa wa kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo, kimo chake kinanifika kifuani. Utumbo wa changu ulikuwa unaning'inia mdomoni. Akautupa juu kidogo, akaudaka, akaumeza, na kile kifuko chekundu cha shingoni kikatikisika. Zile soksi nazo, heri shangazi hakuziona vizuri: ndege huyu hujinyea miguuni makusudi ili apoe, kinyesi kikikauka miguu yote inakuwa myeupe.

"Basi mwambie aketi," shangazi akaninong'oneza.

Kabla sijamjibu, geti likafunguliwa. Ajenti wa nyumba, kitabu cha risiti kwapani, kodi yake ameichelewa kuifuata kwa siku mbili. Marabu akageuka, akagonganisha mdomo, ka-ka-ka-ka, akafungua mabawa. Yakiwa wazi hupita mita mbili, na uani kwangu hakuna mita mbili za bure. Kamba ya nguo ikaenda. Leso ya shangazi ikaenda. Ajenti naye akaenda, akaacha kiatu kimoja getini na sauti yake ikitokea barabarani: "Nitakuja kesho!"

Hakuja kesho wala kesho kutwa.

Matumbo yaliyosalia tuliyafukia kwenye kona ya bustani, shimo la mkono mzima mpaka begani, shangazi akisimamia na miwani yake iliyofungwa plasta. Panda mpapai hapo, akaniamuru, na nimeupanda. Pipa likapata majani makavu ya kutosha, harufu ikakata, jirani akarudi kuniamkia kama kawaida.

Mwezi uliofuata, tarehe 5, ajenti akanitumia ujumbe kabla ya kuja: "Yule ndege bado yuko?"

Nikampa shangazi simu. Akaisogeza mpaka puani, akasoma polepole, kisha akaniuliza kama wauza samaki huwa bado wako saa hizo.