Idadi ya waathiriwa ikiamua nani apate ruzuku

Marekani ina mfuko wa kuwasaidia waathiriwa wa uhalifu, ulioanzishwa na sheria ya mwaka 1984 iitwayo VOCA (Victims of Crime Act, yaani Sheria ya Waathiriwa wa Uhalifu). Haujazwi na kodi bali na faini za waliotiwa hatiani katika kesi za shirikisho. Na tangu 2021 huingia pia fedha ambazo kampuni hulipa kwa makubaliano ya kutoshtakiwa. Mashirika yanayopata ruzuku yake huripoti kila robo mwaka yamehudumia watu wangapi. Je, hesabu hiyo iamue nani apate kiasi gani?

Kuna dhana ya kuondoa kwanza. Mfuko huyapa majimbo mafungu mawili: la huduma, ambalo jimbo huyagawia mashirika, na la fidia, la kuwalipa waathiriwa wenyewe. Fungu la huduma la jimbo halifuati wingi wa kesi: kila jimbo huanza na dola 500,000, kinachobaki hugawanywa kwa idadi ya wakazi. Kaunti ikiripoti waathiriwa maradufu, jimbo lake haliongezewi hata senti. Fungu la fidia ni habari nyingine, kwani huko jimbo hurudishiwa asilimia 75 ya fidia liliyolipa kutoka mifuko yake. Takwimu za kesi zina uzito pale jimbo linapogawia mashirika yake, na pale Bunge linapoombwa lisibane ukomo wa matumizi ya mfuko. Ukomo huo ulikuwa takriban dola bilioni 4.4 mwaka wa fedha 2018. Mwaka 2024 ulikuwa bilioni 1.35.

Wanaotetea takwimu wana hoja nzito. Bila hesabu, shirika kongwe hupewa kile kile cha mwaka jana kwa sababu tu lilipewa mwaka jana. Tena kanuni za mfuko zinataka angalau asilimia 10 ya fungu la huduma iende kwa kila moja ya makundi manne: waliobakwa au kudhulumiwa kingono, waliopigwa na wenzi wao, watoto waliodhulumiwa, na waathiriwa wasiofikiwa ipasavyo. Hili la nne utalitambuaje kama hujui ni nani hawaji kabisa?

Ubaya uko kwenye kuhesabu kwenyewe. Chukulia ofisi ya mwendesha mashtaka imetuma barua 900 za tarehe za kesi, na nyumba salama imelaza akina mama 40 kwa wiki sita kila mmoja. Kwenye safu ya "waliohudumiwa", 900 inaimeza 40. Mgawo ukifuata safu hiyo, kila meneja ataona njia rahisi ya kuishi: barua nyingi, vitanda vichache.

Makosa ya fomu nayo hayaishi. Aliyekuja Machi na kuendelea Aprili huhesabiwa katika robo zote mbili, lakini ni mteja mpya mara moja tu; karani akisahau, idadi ya mwaka inavimba. Mtu mmoja aliyepatwa na uhalifu wa aina mbili huonekana kwenye safu mbili, hivyo jumla ya aina za uhalifu haiwezi kulingana na jumla ya watu, na haipaswi kulazimishwa ilingane. Simu za wasiojitaja ni simu, si watu. Na katika kaunti ndogo, "1" kwenye safu ya ubakaji ni karibu sawa na kutaja jina.

Kwa maoni yangu, takwimu ziripotiwe, ila zisitumike peke yake. Kila shirika lipewe kiwango cha chini kisichoguswa, kitakacholipa walau mshauri mmoja na simu ya dharura. Juu yake mgawo ufuate saa za kazi kwa aina ya huduma, si vichwa. Kisha iongezwe safu ya waliokosa nafasi, maana hesabu ya waliohudumiwa huonyesha uwezo wa shirika kuliko ukubwa wa shida. Safu hiyo iandikwe "maombi yaliyokataliwa" na si "watu waliokataliwa": anayegonga milango mitatu usiku mmoja atahesabiwa mara tatu, na kwa kuwa sheria za usiri zinakataza mashirika kupeana majina bila ridhaa yake, hakuna atakayeweza kuiondoa ile ya pili na ya tatu.