Shilingi Nani?

Kwanza, jumbe za deni zilizomiminika kwenye simu ya Baba Mkubwa hazikuwa mia mbili. Zilikuwa 41. Na Baba Mkubwa hakuzimia, alikaa tu akaomba maji. Inabidi niseme kwa sababu shemeji yangu ameshalirusha jambo hili kwenye magrupu yote ya ukoo, Kondoa mpaka Mpwapwa, na kwa simulizi yake mimi ni tapeli wa mtandaoni.

Mimi si tapeli. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi aliyetumia var, neno moja tu la JavaScript, lugha ya kuandikia programu.

Tulikuwa Ilazo, sebuleni kwa Baba Mkubwa ambaye ndiye mwenyekiti, Jumapili saa kumi jioni, upepo wetu wa Dodoma unaleta vumbi mpaka kwenye karanga. Wiki nzima nilikuwa najitapa kwamba mwaka huu hakuna kupigia watu simu za michango. Kuna programu, nimeiandika mwenyewe. Inasoma orodha ya mhazini, inatoa kilicholipwa kwenye ahadi, na kila mwenye deni anapata ujumbe wenye jina lake na kiasi anachodaiwa. Jumbe zinapishana sekunde 5, zisiende kwa mkupuo. Usiku wa kuamkia siku hiyo niliijaribu kwa orodha ya mtu mmoja, yaani mimi. Ikafanya kazi safi kabisa. (Mnaojua JavaScript mmeshaanza kucheka. Tulieni.)

Nikabonyeza Enter mbele ya wajumbe tisa.

Simu ya Baba Mkubwa ni kitochi, na sauti ameiweka mwisho. Ilikuwa mezani, kati ya sahani ya zabibu na chupa za soda. Ikalia. Akaitazama. Akaitafuta miwani mfuko wa kulia, ikawa mfuko wa kushoto, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa. Na kwa vile kwake hakuna ujumbe unaosomwa kimyakimya, akaanza kwa sauti ya kusoma somo la kwanza kanisani:

"Ndugu..." Akasimama. Akanitazama mimi, mtoto wa mdogo wake, niliyemwita ndugu. Akaendelea. "Kamati inakukumbusha ahadi yako ya harusi. Bado unadaiwa shilingi NaN."

Kimya.

"Shilingi nani?"

Shangazi, ambaye ndiye mhazini, akaruka: "Kaka ameshalipa! Laki mbili, wa kwanza kabisa! Nimeandika kwa mkono wangu!"

Kweli aliandika. Aliandika 200,000, na mkato wake katikati, kama mtu yeyote mwenye adabu za fedha. Ila kwa JavaScript yale ni maandishi, si namba. Ungempa "200000" bila mkato angejiongeza mwenyewe, akageuza kuwa namba na kutoa. Akikuta mkato anakata tamaa, anakurudishia NaN, maana yake "si namba". (Ukimuuliza kwa typeof hiyo NaN ni kitu gani, anajibu ni namba. Msiniulize mimi.) Na kichujio changu kilisema: ruka yule ambaye deni si tofauti na 0. NaN ni tofauti na 0. NaN ni tofauti hata na NaN mwenzake. Basi mzee aliyelipa wa kwanza akaingia kwenye orodha ya wadaiwa.

Hapo ningeomba radhi, tungecheka, tungeendelea na ajenda ya turubai.

Simu ikalia.

Miwani tena. "Ndugu..."

Ikalia ya tatu kabla hajamaliza ya pili. Ya nne. Akawa anasoma mwanzo tu: "Ndugu... Ndugu... Ndugu..." kama mtu anayefungua mkutano wa hadhara na kipaza sauti kibovu. Kichwa kikanipata moto. Nikafunga kivinjari. Ikalia. Bila shaka ingelia, programu haikuwa kwenye kivinjari, ilikuwa inaendeshwa na Node, chombo kinachoendesha JavaScript nje ya kivinjari, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Nikataka kukata intaneti. Intaneti ilikuwa ya simu ya shemeji, na shemeji alikuwa ananirekodi kwa simu hiyohiyo. Dawa yenyewe ni kushika Ctrl na C, vidole viwili tu. Niliikumbuka ujumbe wa 41 ulipokuwa umeshaingia.

Mwuaji huyu hapa, mumwone kwa karibu:

for (var i = 0; i < wadeni.length; i++) {
  var mtu = wadeni[i];
  setTimeout(function () {
    tuma(mtu.simu, ujumbe(mtu));
  }, i * 5000);
}

Nilidhani kila mzunguko unapata mtu wake. Haupati. Var haijali mabano ya lupu (huo mzunguko unaoanza na for), hivyo mtu ni kikapu kimoja tu, na kila mzunguko unamtoa aliyemo na kumweka mwingine. Na setTimeout, yaani agizo la "subiri kwanza, ndipo ufanye", haitumi papo hapo hata ukiipa sekunde 0, inasubiri msimbo unaoendelea uishe kwanza. Kwa hiyo lupu ilikuwa imeshamaliza watu wote 41 kabla ujumbe wa kwanza haujatoka, na fanksheni zote 41 (vile vipande vya kazi vilivyoambiwa visubiri) zilipoamka moja baada ya nyingine, zilichungulia kikapu kilekile. Hazikubeba jina, zilikumbuka kikapu. Ndani yake amebaki wa mwisho kwenye orodha, na ukoo wa Baba Mkubwa unaanza na Z. Orodha ya mtu mmoja, wa kwanza ndiye wa mwisho, ndiyo maana jaribio langu halikuona kitu.

Brendan Eich aliitengeneza JavaScript mwaka 1995 kwa siku 10. Mimi dakika 3 na sekunde 20 zilinitosha kumaliza heshima ya miaka 29.

Wale wadaiwa 40 halisi hawakupata hata nukta. Mmoja wao alikuwa amekaa kochi la pembeni anakula zabibu, anasikitika pamoja na wenzake.

Mengine mafupi. Var nimeibadilisha kuwa let, ambayo kila mzunguko unapewa kikapu chake (ipo tangu 2015, mimi nilijifunzia video za kabla ya hapo). Mkato nimeuondoa kwa replaceAll kabla ya Number kugeuza maandishi kuwa namba, na nimeweka Number.isNaN kama mlinzi getini wa kuikamata NaN. Faini ni kreti mbili za soda. Ukatibu nimebakiziwa, laptopu imekatazwa kuingia kikaoni.

Jana nikampigia Baba Mkubwa kuuliza habari ya turubai. Akapokea: "Nani!"

Mpaka sasa sijui alikuwa anauliza au ananiita.