Jumla ya alama za SPQ haitoshi

Eti ukipata alama nyingi kwenye dodoso la skizotipia (mwelekeo wa mawazo na tabia zisizo za kawaida, unaofanana kwa kiasi na skizofrenia), basi si usonji? Hapana. SPQ, dodoso la skizotipia la mwanasaikolojia Adrian Raine (1991), lina maswali 74 ya ndiyo au hapana, na yale ya kukosa marafiki wa karibu, uso usioonyesha hisia na wasiwasi mbele za watu humpandishia alama mwenye usonji asiye na imani yoyote ya ajabu. Jumla haisaidii, soma kila kipengele peke yake, kisha mhoji mzazi kuhusu utoto wa mhusika, maana dalili za usonji huanza mapema: je, alionyesha vitu kwa kidole, alicheza michezo ya kuigiza? Swali la kuhisi unasemwa ndilo gumu zaidi, maana aliyedhihakiwa kweli shuleni atajibu ndiyo. Wapimaji, huwa mnaomba mfano wa tukio?