Kabla ya Kuisoma Picha, Igeuze Nyuma

Nyumbani kwetu Iringa, marehemu bibi alihifadhi picha zake katika sanduku la bati, na nyuma ya karibu kila picha aliandika neno "Ukumbusho", jina la aliyepigwa na mwaka. Akiletewa picha asiyoifahamu, aliigeuza kwanza, ndipo akatazama sura. Namkumbuka kila inapotangazwa picha mpya inayodaiwa kuonyesha ilikoishia ndege ya Amelia Earhart, rubani Mmarekani aliyepotea pamoja na mwongoza njia wake, Fred Noonan, tarehe 2 Julai 1937, walipoondoka Lae, Guinea Mpya, kuelekea kisiwa kidogo cha Howland katika Pasifiki, umbali wa zaidi ya kilomita 4,000.

Mwaka 2017 televisheni moja ya Marekani ilionyesha picha ya gati la Jaluit, katika Visiwa vya Marshall, iliyotoka katika hifadhi ya nyaraka za taifa. Mtu aliyeketi akiwa ametupa mgongo alisemwa kuwa Earhart, aliyesimama kando akasemwa kuwa Noonan, na umbo lililokuwa juu ya tishari likaitwa ndege. Wataalamu walilinganisha mabega na nywele kwa makini sana. Siku chache baadaye Kota Yamano, mwanablogu wa Japani, aliikuta picha hiyohiyo katika kitabu cha safari kilichochapishwa mwaka 1935, miaka miwili kabla ya ndege kupotea. Kazi yote ya kupima mabega ilianguka kwa sababu hakuna aliyeanza na tarehe.

Picha ya Eric Bevington, afisa wa kikoloni wa Uingereza, naipa heshima zaidi. Aliipiga Oktoba 1937 katika kisiwa cha Nikumaroro, kilichoitwa Gardner wakati huo. Mpigaji, mahali na wakati vinajulikana, wala yeye hakuwa akitafuta ndege. Pembeni mwa picha hiyo kuna alama ndogo inayochomoza majini, ambayo baadhi ya watafiti huiona kuwa mguu wa gurudumu la Electra, ndege ya Earhart. Hata hivyo, picha hiyohiyo inaonyesha mabaki ya meli ya Norwich City, iliyokwama mwambani hapo mwaka 1929, na meli inayovunjikavunjika huacha vyuma vya kila umbo. Robert Ballard, aliyeongoza ugunduzi wa mabaki ya Titanic, alipekua bahari ya kisiwa hicho mwaka 2019 asiione ndege.

Kisha Januari 2024 kampuni ya Deep Sea Vision ilitoa picha ya sona, inayochorwa kwa mwangwi wa sauti, yenye umbo lililoonekana kuwa na mabawa na mkia. Novemba mwaka huohuo ilibainika kuwa ni mwamba. Siwalaumu walioona mabawa, kwani nimesimama Isimila, karibu na Iringa, jioni nikaona nguzo za udongo zilizochongwa na maji zikiwa minara ya mji uliobomoka, nami nilijua fika kwamba hakuna mkono wa mtu uliozijenga. Ndiyo maana kufanana nakuweka mwisho, baada ya kuuliza mahali pale pana nini kingine kinachoweza kutoa umbo lile.

Katika sanduku la bibi imebaki picha moja isiyoandikwa kitu nyuma. Shangazi zangu watatu wanamtaja mtu aliyemo kwa majina matatu, na mpaka leo hatujaandika lolote kati ya hayo.