Fundi mbao wa Mafinga na umeme wa upepo

Marekani, mwenye mgahawa au kiwanda kidogo anaweza kuamua kwamba umeme wake uwe wa upepo. Hafungi mtambo wowote. Analipa nyongeza kidogo kwa kila uniti (kilowati-saa moja), au ananunua cheti kinachothibitisha kwamba mahali fulani uniti 1,000 zimezalishwa kwa upepo na kuingizwa kwenye gridi. Ukiishi Makambako, huku Nyanda za Juu Kusini, ambako upepo wa kiangazi haumwachi mtu na kofia yake, huwezi kukosa kujiuliza: na sisi je?

Cheti hicho hakibadilishi kinachopita kwenye waya. Maji ya mto Ruaha Mdogo yakishaingia bwawa la Mtera, hakuna awezaye kuyachota peke yake, na umeme ukishaingia gridi ni hivyohivyo. Wanaokitetea wanasema fedha ya mnunuzi ndiyo inayomvuta mwekezaji asimamishe mitambo zaidi. Wanaokipinga wanauliza: kama mtambo ungejengwa hata bila fedha yako, umenunua nini? Mimi nipo upande wa hawa wa pili, ingawa nakubali kwamba hela inayoelekezwa kwenye upepo ina nafuu kuliko hela isiyoelekezwa popote.

Huku kwetu mjadala huo bado ni wa mbali. Fundi mbao wa Mafinga mwenye mashine ya randa na msumeno wa meza yupo kwenye daraja la T1, la watumiaji wa kawaida, la TANESCO, shirika la umeme, ambalo bei yake iliyowekwa mwaka 2016 ni shilingi 292 kwa uniti. Ukiongeza VAT, tozo ya REA (umeme vijijini) na ya EWURA (mdhibiti wa nishati), inafika kama 356. Akiingiza tokeni za LUKU, umeme wa kulipia kabla, mita haimuulizi anataka umeme wa maji, wa gesi au wa upepo. Hana pa kuchagua.

Isipokuwa akihamia Mwenga. Ndani ya Wilaya ya Mufindi, ileile ilimo Mafinga, kuna mtandao wa umeme wenye waya zake. Ulianza mwaka 2012 na mtambo wa maji wa megawati 4 katika Mto Mwenga, ukihudumia kiwanda cha chai na vijiji vya jirani, na ziada ikiuzwa TANESCO. Mwaka 2020 iliongezwa mitambo mitatu ya upepo yenye kilowati 800 kila mmoja, jumla megawati 2.4, na hilo likawa shamba la kwanza la upepo nchini. Sababu ya kuongeza upepo ndiyo inayonivutia kuliko ukubwa wa mitambo yenyewe. Kiangazi mto unapungua, na kiangazi hichohicho ndipo upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu nyanda za juu. Kimoja kikilegea, kingine kinashika. Kwa hiyo mwenye mashine ya kusaga katika vijiji hivyo anatumia umeme wa upepo tayari, na hakuna aliyemtaka ajaze fomu ya kupenda mazingira.

Wengine husema, basi nifunge mtambo wangu mwenyewe hapo nyuma ya karakana. Hapa ndipo watu wanapoteza hela, kwa hiyo tupige hesabu taratibu. Chukua mtambo mdogo ambao mapanga yake yakizunguka yanachora duara la upana wa mita 3. Upepo ukivuma mita 4 kwa sekunde bila kukoma, mtambo huo utakupa wati 70 hivi. Kwa siku nzima, mchana na usiku, hujafikisha uniti mbili. Mota ya randa ya nguvu za farasi 10 inataka wati 7,500, na wakati wa kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya huo. Ikifanya kazi saa nne kwa siku inakula uniti 30, yaani shilingi elfu kumi na kitu za LUKU.

Sasa, upepo una tabia moja ambayo wauzaji wanaipenda: kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu inaongezeka mara nane. Kwa mita 8 kwa sekunde zile wati 70 zinakaribia 560. Kwenye kipeperushi wataandika uwezo wa kasi kubwa zaidi ya hiyo, kasi ambayo kati ya nyumba za Mafinga utaipata kwa nadra. Mikaratusi na paini zinazotupa kazi ndizo zinazokata upepo. Mlingoti wa mtambo unatakiwa upande angalau mita 9 juu ya kila kitu kilicho ndani ya mita 100, sasa pima urefu wa paini iliyo jirani yako. Juu ya hapo, kwa mwinuko wetu hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi, na nguvu inapungua kwa kiasi hichohicho. Bado hujanunua betri, inveta ya njia tatu, wala hujampata fundi wa kupanda juu beringi ikianza kulia. Paneli za jua za kilowati moja zitakupa uniti nne au tano kwa siku bila kitu kinachozunguka. Mwenye karakana anayetaka kujitegemea aanzie huko, japo hata paneli hazitaendesha randa peke yake.

Hata hivyo, kukataa mtambo wa uani si kukataa upepo, na wanaokebehi upepo kwa hesabu kama hiyo ya kwangu wanakosea ngazi. Mtera, Kidatu, Kihansi na sasa Bwawa la Julius Nyerere, yote manne yapo bonde moja la Rufiji. Mvua ikigoma nyanda za juu na Usangu, yote yanapata habari. Megawati 2,115 za Bwawa la Nyerere zimetuondoa kwenye mgawo ule wa mwishoni mwa 2023, na serikali ina haki ya kujivunia. Lakini ukubwa wa bwawa hauondoi utegemezi wa mvua, unauahirisha tu. Gesi inasaidia, upepo wa kiangazi ungesaidia zaidi kwa sababu unakuja wakati ule maji yanapopungua. Ndiyo maana mradi wa upepo wa megawati 100 wa Makambako, ambao umezungumzwa kwa miaka mingi, si anasa.

Wasioutaka wana hoja nzito moja, nayo ni waya. Kenya walimaliza kusimamisha mitambo 365 karibu na Ziwa Turkana mwaka 2017, megawati 310, ikakaa inatazamana na upepo hadi Septemba 2018 kwa sababu laini ya kwenda Suswa haikuwa tayari, na serikali ikalipa mabilioni kama faini. Shilingi ya kwanza ikienda kwenye mtambo na ya mwisho kwenye nguzo, mambo huwa hivyo.

Na waya ndiyo shida ya fundi wetu hata leo. Umeme wake ukizalishwa kwa maji au kwa upepo, saa kumi jioni karakana zote za mtaa zikiwasha pamoja umeme unakuwa mdogo: randa inaguna, mkanda unateleza, na baada ya muda unasikia harufu ya koili inayoungua. Kitakachomfaa mtu huyo haraka ni transfoma ya pili.

Wapo wachache ambao chanzo kina faida kwao moja kwa moja: wanaofungasha parachichi za Njombe au kahawa ya Mbozi kwa soko la Ulaya, ambako wanunuzi wanazidi kuuliza hewa ukaa inayotoka wakati wa uzalishaji. Kwao cheti kinaweza kulipa. Kwa fundi wa vitanda na milango anayeuza Dodoma na Dar, mteja haulizi kitu hicho.

Makambako ikijengwa, anayeishi chini ya mitambo atalipa bei ileile anayolipa mtu wa Tanga. Wenyeji watalalamika, na sioni kosa katika bei hiyo. Ndiyo bei iliyotufikishia umeme wa Kidatu bila kutuuliza tunatoka wapi. Wanachopaswa kudai wakati wa mazungumzo ya ardhi, kabla ya kusaini, ni kituo cha kupozea umeme na laini mpya za mtaani ziandikwe kwenye mkataba huohuo.